Mtumbwi Uliokanyagiwa Ndizi

Chombo kilichopikiwa samaki hakiachi kunuka vumba, na mtumbwi ule ulikuwa unanuka pombe. Winifrida ndiyo kwanza alikuwa anatoka msibani Murungu na mumewe Pasikali, kanga ya matanga bado iko kiunoni, akaukuta uani umelazwa juu ya nyasi huku nzi wameujaa kama walioalikwa. Kwa kawaida mtumbwi ule ulikaa darini, umefungwa kwa kamba, na hakuna aliyeushusha bila wenyewe kujua. Aliinama akapitisha mkono ndani yake. Vidole vilikuta utelezi wa ndizi, kisha vikakuta ufa.

Ufa ulianzia karibu na kiti cha mbele, ukateremka katikati ya tumbo, urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Pembeni yake faiba, ile plastiki ya nyuzi iliyouunda, ilikuwa imechanuka nyuzinyuzi. Winifrida alipobonyeza, ufa ulifunguka, na alipoachia ukajifunga tena kama mdomo wa samaki.

"Baba!" aliita, na haikuwa sauti ya mke wa mtoto kumwita baba mkwe wake.

Mzee Stanislaus alitoka nyuma ya nyumba bila haraka, amevaa koti lake la kwendea kwenye mizinga. Alikuwa mrina asali maarufu katika vijiji vyote vya Mabamba, na kama watu wengi maarufu, hakupenda kuulizwa maswali.

"Mmerudi? Poleni na msiba."

"Nani ameutoa huu darini?"

"Mimi." Hakuona sababu ya kuficha. "Mvure wangu umeliwa na mchwa, na wakwe wa mdogo wenu Kipriani wanakuja Jumapili. Mlitaka pombe yao niikamulie kwenye sufuria ya ugali?"

Katika nchi ya Waha, mzee anayemwozesha mwanawe wa mwisho bila pombe ya ndizi ni afadhali ahame kijiji. Na pombe hiyo haikamuliwi ovyo. Kuna mvure, ambao ni gogo lililochongwa likawa na umbo la mtumbwi, ila safari yake pekee ni kutoka kwenye kibanda hadi uani. Ndizi mbivu humwagwa humo na majani makavu, vijana wakanawa miguu, wakaingia na kuzikanyaga kwa nyimbo mpaka juisi itoke. Gogo nene hivyo huvumilia hata vijana wanne. Mzee Stanislaus aliangalia darini akaona kitu chenye umbo la mvure, safi, kisichovuja tone, akamshukuru Mungu. Umbo aliliona. Unene hakuupima.

"Baba, huu ni mwembamba kama ganda la yai," Winifrida alisema. "Watoto wangu hawaruhusiwi hata kusimama ndani yake. Wewe umeingiza wanaume wacheze ngoma!"

"Mtumbwi gani usioweza kubeba wanaume?"

Winifrida alimgeukia Pasikali. Pasikali alikuwa anakagua kamba zilizobaki darini kwa makini makubwa, kana kwamba kosa ni la kamba. Mbele ya baba yake mwanamume yule hakuwahi kuwa na ulimi, na siku hiyo mkewe alimchukia kwa jambo hilo waziwazi, moyoni mwake, bila kuona aibu.

Wanakijiji waliuita mtumbwi ule Unyoya. Uliachwa na mradi mmoja wa kuchunguza samaki wa mabwawani, ambao wataalamu wake Pasikali aliwaonyesha njia mafunjoni. Mradi ulipofungwa, wakubwa wakaondoka na magari, wakamwachia mtumbwi. Watu wawili waliweza kuubeba kichwani. Kati ya kijiji na Mto Malagarasi, uliokuwa mpaka wa Burundi, palikuwa na ukanda mpana wa mafunjo ambao mitumbwi ya magogo haikupita, kwa hiyo Unyoya ndio pekee uliofika mtoni upande ule. Kwa huo walivua kambare, kwa huo walivusha wenye maharage na mihogo siku za soko. Nyumba nzima ilikula kutoka tumboni mwake.

---

Jioni hiyohiyo simu ya Winifrida iliita. Alikuwa Niyonsaba, mdogo wake, aliyerudi Burundi na wazazi wao miaka ile wakimbizi waliporudishwa, akaolewa huko, wakati Winifrida amekwisha kuwa mke wa mtu Kibondo.

"Dada we, amahoro?" alisalimia kwa Kirundi.

"Amahoro. Mbona unanong'ona?"

"Tuko kwa watu. Mume wangu Fidele walimchukua wiki iliyopita, sijui yuko wapi. Nyumba wameiwekea alama. Nakuja na watoto."

Ulikuwa mwezi wa tano wa mwaka 2015, na redio kila siku ilitaja machafuko ya ng'ambo, Burundi. Winifrida alikuwa amezisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua inyeshayo kwenye bati la jirani. Sasa ilikuwa inavuja kwake.

"Pitieni njia kuu, huku wanapokea watu vizuri. Wanawapeleka mpaka kambini Nyarugusu."

"Njia kuu wamesimama vijana na virungu. Wanarudisha watu, wengine hawarudishwi, wanapelekwa pembeni. Na wenye mitumbwi ya kivukoni wanawauza watu, dada. Nakuja kwenu. Pale kwenye mafunjo, mlipotuvushia mwaka ule tulipokuja harusini. Jumamosi alfajiri. Mtumbwi wenu bado mnao?"

Winifrida alitazama uani. Nzi walikuwa wamepungua kwa sababu ya giza.

"Tunao," alisema.

"Mimba ni ya miezi saba," Niyonsaba aliongeza, kana kwamba anaomba radhi kwa uzito wake.

---

Asubuhi, wote wakiwa wamekwisha kusikia habari za Niyonsaba, kikao kilikaa kuuzunguka mtumbwi wenyewe, umegeuzwa tumbo juu. Pasikali alikuwa amepata ulimi usiku.

"Kuna lami ya wajenzi wa barabara, imebaki kwenye pipa pale kwa mwenyekiti. Nayeyusha, napaka, naweka bati juu, napiga ribiti. Kesho umekwisha."

"Bati na lami kilo ngapi?" Winifrida aliuliza. "Tutaubeba nani na nani mpaka mtoni? Na hizo ribiti utatoboa wapi? Ufa mmoja unakuuma, unataka matundu ishirini?"

"Nta," alisema Mzee Stanislaus.

Pasikali aliendelea kuupapasa ufa.

"Nta ya nyuki na kitambaa," mzee alirudia. "Baba yangu alizibia mvure kwa nta, ukakaa mpaka nikaoa."

"Mvure haukwenda majini, baba," Winifrida alisema. "Yule fundi wa mradi aliwahi kuuziba mbele ya macho yetu, ulipogonga jiwe. Aliweka kile kitambaa cheupe cha nyuzi, akakipaka gundi, kikawa kitu kimoja na mtumbwi. Faiba huzibwa kwa faiba. Hiyo haipo hapa, wala Kibondo mjini sijaiona. Kasulu ipo."

"Kasulu!" mzee alisema, kama aliyetajiwa Ulaya. "Kwa pesa ya nani?"

"Kwa asali yako."

Asali ile ilikuwa imewekwa kwa ajili ya wakwe, ndoo mbili nyeupe zilizofunikwa kwa majani ya mgomba. Mzee aliufumba na kuufumbua mkono. Kisha aliingia ndani, akarudi na ndoo moja, akaiweka miguuni pa Winifrida bila kumtazama.

"Usikubali wakuambie imechanganywa na sukari," alisema.

---

Hilo ndilo jambo la kwanza alilosema Mwanaamina, mwenye duka la rangi za magari Kasulu, mwanamke wa kutoka pwani aliyeolewa Ujiji akafuata biashara huku juu. Alichovya kidole, akalamba, akakunja uso.

"Hii wameipikia sukari, mama. Ninyi wakimbizi mnatuona sisi hatujui asali?"

"Mimi si mkimbizi. Ni raia, natoka Kibondo."

"Haya, raia." Mwanaamina alicheka bila ubaya, na hilo liliuma zaidi kuliko ubaya. "Raia anataka nini?"

Winifrida alieleza. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waligeuka kumsikiliza mwanamke aliyepanda basi na ndoo ya asali ili azibe mtumbwi kwa vifaa vya magari. Mmoja alimuuliza kama mtumbwi wake unatumia petroli au dizeli. Duka zima lilicheka. Winifrida alitabasamu, kwa sababu anayeomba hana budi kutabasamu.

Mwanaamina alimwekea kopo la puti mezani. "Chukua hii. Wenye magari wote wanatumia. Unapaka, inakauka kabla hujamaliza chai."

"Shangazi, huyo usimpe puti," sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Abdalah, fundi wa bodi mwenye gereji nyuma ya duka, mikono yake imejaa vumbi jeupe. "Puti ni ya kujaza mlango uliobonyea, na mlango haupindi. Mtumbwi unapinda kila ukikaa. Atafika katikati ya mto puti itoke nzima kama kigae."

"Wewe Abdalah unanifukuzia wateja."

"Nakuuzia ghali zaidi, shangazi. Mpe kitambaa cha faiba, gundi yake, na dawa ya kukazia. Na msasa."

Mwanaamina alikwenda kupima, ghafla hana tena neno dhidi ya asali. Abdalah alimvuta Winifrida pembeni akamwonyesha kwa kipande cha bampa jinsi ya kufanya, akipima dawa kwa kizibo cha chupa.

"Ikizidi, inaungua na kuvunjika. Ikipungua, haikazi. Lakini kubwa kuliko yote ni ukavu. Ulipasuliwa na nini?"

Winifrida aliona aibu kutaja. Kisha akataja.

Abdalah hakucheka. "Juisi imeingia kwenye nyuzi. Ile sukari ni adui. Osha kwa maji ya moto na sabuni, tena na tena, halafu kausha kwa jua, siku nzima, hata mbili. Ukiusikia unanuka, usipake. Na kingine, mama. Msije mkaweka mafuta, wala lami, wala nta. Nta ikishaingia kwenye faiba haitoki. Hapo hata mimi nikija na gereji yangu yote, gundi haitashika tena milele. Utakuwa umeuzika kaburini."

---

Aliporudi nyumbani Jumatano mvua ilikuwa inanyesha, ile ya kufungia msimu, isiyo na adabu wala ratiba. Waliosha mtumbwi chini ya ukingo wa bati. Waliukwangua kwa msasa mpaka ngozi za vidole zikatoka. Winifrida alitia makaa kwenye karai, akalisogeza chini ya ufa, akakaa hapo akipeperusha kwa ungo, huku wake wa nyumba za jirani wakipita na kuuliza siku hizi mitumbwi inachomwa na viazi au peke yake.

Alhamisi asubuhi jua lilitoka kidogo. Pasikali aligusa tumbo la mtumbwi kwa kiganja.

"Pamekauka."

Winifrida aliinama akaweka pua kwenye ufa. Ilikuwepo bado, mbali, kali na tamu, harufu ya pombe ya siku ya tatu. "Bado kuna pombe ndani."

"Wini, leo Alhamisi. Ikikaza kesho, Jumamosi tunao. Tukingoja pua yako, tutamvusha mdogo wako kwa ungo."

Alijua Pasikali anakosea, na alijua pia hana siku ya ziada ya kumthibitishia. Hivyo walipaka. Walikata kitambaa, wakachanganya gundi kwa kizibo kama walivyofundishwa, wakalaza tabaka la ndani na la nje, wakilisukuma kwa brashi mpaka weupe wa nyuzi ukageuka kioo. Hata Mzee Stanislaus alisogea akawamulikia kwa tochi ndani ya tumbo la mtumbwi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakutoa ushauri. Kwa saa moja hivi nyumba ile ilikuwa na amani.

Alasiri kingo za kiraka zilikuwa ngumu kama kucha. Katikati, juu ya ufa wenyewe, kidole kilinata. Chini ya kioo palikuwa na povu dogodogo, jeupe, lililokuwa likiongezeka.

Winifrida alimpigia Abdalah simu.

"Umepaka juu ya unyevu, mama."

"Najua."

"Kitambaa kimebaki? Na dawa?"

"Vimebaki vya kurudia mara moja."

"Basi hujapoteza kitu. Ng'oa hapo katikati, anika siku moja nzima ya jua, rudia. Jumamosi asubuhi unavuka mto na ng'ombe."

Alishukuru, akakata simu, akamwita Pasikali waanze kung'oa. Hawajaweka hata ncha ya kisu, simu ikaita tena. Safari hii Niyonsaba hakunong'ona. Alikuwa analia.

"Wamefika kwenye nyumba tuliyojificha. Tumetokea nyuma. Tunatembea sasa hivi, dada, usiku huu tutafika mafunjoni. Kesho alfajiri uwe pale. Wakitukuta ukingoni kukishapambazuka, tumekwisha."

"Niyo, mtumbwi—"

"Chaji inakwisha. Kesho. Ngwino, dada, ngwino." Njoo, dada, njoo. Na simu ikazima.

---

Winifrida alisimama uani na kisu mkononi. Hakulia. Alimtazama baba mkwe wake.

"Baba, nta unayo?"

Pasikali aliruka. "Hapana! Hukumsikia fundi? Wewe mwenyewe ndiye uliyetuletea hayo maneno!"

"Nimesikia."

"Tukitia nta, hii faiba haitashika tena. Mtumbwi umekufa! Tutakula nini, Wini? Shamba letu unalijua, linatoshea kuku. Ada ya watoto inatoka wapi? Ngoja kesho jua litoke, turekebishe, Jumamosi—"

"Jumamosi nitamvusha nani?"

"Atajificha. Mafunjo ni makubwa."

"Ana mimba ya miezi saba na watoto wawili. Atajificha ndani ya maji?"

Pasikali hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewatazama watoto wake mwenyewe waliokuwa wamekaa mlangoni wakisikiliza, na hesabu yake ilianzia pale. Ya Winifrida ilianzia ng'ambo. Wote wawili walikuwa sahihi, na ndiyo maana walikuwa wanapigiana kelele.

"Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje," Mzee Stanislaus alisema kwa sauti ya chini. Kisha akamgeukia mwanawe. "Mimi ndiye niliyeupasua. Acha nizibe."

Aliyeyusha nta kwenye kopo juu ya moto, donge kubwa la manjano alilokuwa amelitunza kwa mnunuzi wa Kibondo mjini. Alilikausha vazi lake la zamani la kanisani kando ya moto, akalichana vipande, akavizamisha. Winifrida alimzuia mkono mara moja tu, kopo likiwa tayari limeinamishwa juu ya ufa, pale walipokichana kiraka kibichi. Alikuwa amekwenda Kasulu na kurudi kwa ajili ya ufa ule, amechekwa, ametabasamu. Aliutazama kwa muda wa pumzi moja.

"Mimina," alisema.

Nta iliingia kwa mlio mdogo, ikanywewa na nyuzi.

---

Waliubeba kabla ya mapambazuko, Pasikali mbele, Winifrida nyuma, mzee akiwatangulia kwa fimbo ya kupimia matope. Unyoya ulikuwa bado mwepesi. Walipofika mtoni ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na Malagarasi uliojaa mvua ulipita chini yake kwa sauti nzito. Pasikali alishika kasia.

"Nipe," Winifrida alisema. "Wewe ni mzito."

Alimpa. Kisha akamfunga vizuri kanga kiunoni kama mtu anayemvalisha mtoto wa shule.

Kuvuka kwenda kulikuwa salama. Winifrida alipiga magoti mbele ya kiraka, hakukigusa, na tumbo la mtumbwi lilibaki kavu. Niyonsaba alitokea kwenye mafunjo akiwa na matope mpaka mapajani, binti mkubwa kamshika sketi, mdogo kifuani. Hawakukumbatiana. Winifrida alitaka kuwavusha kwa mafungu mawili, watoto kwanza.

"Siwaachii," Niyonsaba alisema. "Wala wao hawataniachia."

Hapakuwa na muda wa kubishana. Waliingia wote, na ukingo wa mtumbwi ukashuka mpaka karibu na maji. Walipofika katikati, maji ya baridi yalikuwa yameifanyia nta kazi yake. Ilikuwa imekakamaa. Tumbo la mtumbwi lilipinda kwa uzito wa watu, nta haikupinda, ikakatika kwa mlio kama wa ukucha. Maji yalichipuka katikati ya magoti ya watoto.

"Kalia hapo!" Winifrida alipiga kelele. "Niyo, kalia! Weka kitenge, kalia!"

Niyonsaba alijitupa juu ya kiraka na kitenge chake na uzito wake wote, ule aliouombea radhi, akamkumbatia mdogo juu ya tumbo lake kubwa. Maji yalipungua, hayakukoma. Binti aliyateka kwa viganja, akilia na kuteka. Winifrida alipiga kasia huku akitukana, akimtukana mto, na mzee, na mvure, na Jumapili ya wakwe, mpaka Pasikali akaingia majini mpaka shingoni akakamata pua ya mtumbwi akawavuta kwenye matope.

Walikuwa hai wote. Niyonsaba alipoinuka, kiraka kizima kiliinuka naye, kikang'oa kingo za ufa na kuacha tundu, kimenata kwenye kitenge: nta, vazi la kanisani, na faiba ya Kasulu ambayo haijakaza. Mzee Stanislaus alimpokea mtoto mdogo akamfunika kwa koti lake. Winifrida alimshika mdogo wake usoni kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kwa furaha, kwa sababu hesabu yake ilikuwa imetimia.

Kisha wakasikia sauti ng'ambo.

Ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Kwenye ukingo waliotoka palikuwa na watu. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni, wazee wawili, vijana wa kike, mwanamume mwenye baiskeli. Wengine walikuwa bado wanatokea. Walipunga mikono, wakaita.

Winifrida alimgeukia mdogo wake.

"Ni majirani," Niyonsaba alisema, hakumtazama. "Tulitembea wote usiku. Niliwaambia wajifiche kwanza, wasije wakauvamia mtumbwi. Niliwaambia dada yangu atarudi kuwachukua."

"Tuondoke," Pasikali alisema kwa upole. "Usiwajibu. Hatuna la kuwafanyia."

Winifrida alikwenda mpaka maji yakamfika magotini, akaweka viganja mdomoni, akapiga kelele kwa Kirundi kwamba mtumbwi umekufa, waende upande wa juu wa mto, watafute njia nyingine. Mto ulimeza maneno yake. Ng'ambo walidhani anataja bei. Yule mwanamke mwenye mtoto alifungua pindo la kitenge chake, akatoa noti, akazinyanyua juu ili aone. Wazee nao wakapapasa mifuko. Mwanamume alinyanyua baiskeli yake kwa mikono miwili juu ya kichwa, akaishikilia pale, akiitoa.

"Shika huku," Winifrida alimwambia Pasikali.

"Unafanya nini?"

"Shika. Baba, nawe shika."

Waliusimamisha Unyoya kwa ubavu, wakaugeuza tumbo lake litazame ng'ambo. Jua lilikuwa limetoka nyuma yao, likapita kwenye tundu, na tundu likaonekana kutoka mbali, kubwa la kupitisha kichwa cha mtoto. Winifrida alitia mkono wake wote ndani, akautoa upande wa pili, akaupunga.

Kelele zilikoma. Mwanamume alishusha baiskeli. Yule mwanamke alibaki na noti zake hewani kwa muda, kama ambaye hajaelewa, kisha akaanza kuzifunga tena kwenye pindo. Winifrida hakuondoa mkono kwenye tundu mpaka wa mwisho wao alipoingia mafunjoni.